Nashuhudia Meno Ambayo Baba Hakuyang'oa

Mimi ni mzaliwa wa Kasongo, mashariki mwa Kongo, mtoto wa nne wa muuguzi ambaye mji mzima ulimwita Munganga wa Meno. Vyeti vyake vilimtaja kuwa muuguzi tu. Udaktari wa meno ulisomewa Kinshasa, na kijana wa Maniema ya kusini asiye na mjomba wa kumlipia ndege hakuiota Kinshasa. Lakini kuanzia ukingo wa Lualaba hadi Kabambare, mtu akishikwa na jino usiku, jina lililotajwa lilikuwa la baba. Leo nafanya kazi ile ile aliyoifanya yeye, ingawa siifanyi tena kama nilivyoianza. Nimekuja kutoa ushuhuda wa mageuzi hayo.

Baba alifariki mwaka 2018, majira ya mvua. Kwenye hitima ya arobaini yake watu walisimama mmoja baada ya mwingine kumsifu, na kila mmoja alikuwa na jino lake. Mzee mmoja wa msikiti alieleza gego lililomkosesha usingizi mwezi mzima wa Ramadhani. Askari mstaafu akafungua kinywa mbele ya watu kuonyesha pengo. Mfanyabiashara aliyesafiri kwa pikipiki kutoka Kabambare alisimulia alivyofika shavu likiwa limevimba hadi jicho limefumba, akaondoka akicheka. Tulicheka na tukalia. Hakuna aliyesema, "Watoto wangu wamekua bila kuumwa meno, na sababu ni huyu mzee." Angesemaje? Nani hushukuru kwa usiku aliolala vizuri?

Mimi pia siku hiyo nilimsifu kwa mkono wake na koleo lake. Nilikuwa binti aliyerithi vyote viwili, na nilijivuna.

Baba alizaliwa katika wilaya ya Kabambare, kwa Wabangubangu. Shule yake ilikatika mwaka 1964, uasi wa Simba ulipopita kwetu, akaja kuimalizia Kasongo kwa ndugu ya baba yake. Akasomea uuguzi, akaajiriwa opitale, yaani hospitali. Kung'oa meno alijifunza kwa kumshikia taa daktari wa Kizungu, kisha kwa kushikiwa taa. Alikuwa na kifundo cha mkono chenye nguvu, lakini mwenyewe alisema nguvu si kitu. Jino halivutwi, alinifundisha. Kwanza unalisukuma kuelekea kwenye mzizi, kisha unalitikisa taratibu upande wa nje na upande wa ndani mpaka mfupa ulegee, na hapo linatoka lenyewe. Anayevuta kwa haraka huvunja mzizi, na mzizi uliobaki ndani humletea mgonjwa usaha na humletea munganga jina baya.

Kwa ufundi huo angeweza kuishi vizuri maisha yake yote. Foleni ilikuwapo kila asubuhi. Wengine walikuja na kuku, wengine na debe la mchele, wengine na ahadi. Waliamini kwamba ndani ya jino lililotoboka kuna mdudu anayekula, na kwamba dawa yake ni moja, kumtoa pamoja na nyumba yake. "Munganga, ng'oa tu nikalale," walisema, na yeye aling'oa.

Mambo mawili yalimbadilisha, na yote mawili yalitokea mwanzoni mwa miaka ya 1970.

La kwanza lilikuja na wageni. Mwaka 1971 madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walianza kufanya kazi Kasongo pamoja na wenzao wa hapa kwetu, katika kile kilichokuja kujulikana hadi ng'ambo kama Projet Kasongo. Sisi tulisema Proje tu. Fikra yao ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza: opitale moja haiwezi kuwafikia watu wa nchi yote hii hata ikiongezewa vitanda. Kwa hiyo vifunguliwe vituo vya afya, kila kimoja kwa watu wapatao 10,000, muuguzi akiongoza na wanakijiji wakiwa na kamati yao ya afya. Kila familia iwe na karatasi zake katika sanduku la kituo, ili mama akileta mtoto mwenye homa, muuguzi aone papo hapo kwamba mdogo wake hajachanjwa. Opitale ibaki na yale ambayo kituo hakiyawezi. Daktari Pangu Kaza Asila, Mkongomani aliyekuwa katika kazi hiyo, aliiandikia tasnifu nzima mwaka 1988 kueleza jinsi vituo vile vilivyopangwa na kusimamishwa. Mkutano wa Alma-Ata ulipotangaza huduma ya afya ya msingi mwaka 1978, Kasongo ilikuwa inaishi hivyo tayari. Na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilipoigawa nchi katika zoni 306 za afya miaka ya 1980, mfano wa kwetu ulikuwa miongoni mwa ile iliyotazamwa.

Mwanzoni baba hakuipenda Proje. Iliwaondoa watu kwenye foleni yake, ikampa vijana wa kufundisha, ikamtaka ajaze karatasi. Mtu mwenye mkono kama wake hakuona sababu ya kwenda kukaa chini ya mwembe kuzungumza na kamati.

La pili lilikuwa mtoto. Mama mmoja alimleta kutoka upande wa Kabambare, njia nyingine kwa miguu, njia nyingine juu ya lori la mchele. Mtoto alikuwa ametoka surua wiki chache nyuma, amekonda, na shavu moja lilikuwa limeoza mpaka meno yanaonekana kwa nje. Walimpeleka kwa baba kwa sababu ugonjwa ulikuwa mdomoni. Ugonjwa huo huitwa noma. Huanza kwenye ufizi wa mtoto mdogo, mara nyingi wa miaka 2 hadi 6, aliyedhoofishwa na njaa na maradhi kama surua au malaria. Ufizi unavimba na kutoka damu, mdomo unanuka, kisha ndani ya siku chache nyama ya uso inakufa. Shirika la Afya Duniani linasema bila matibabu unaweza kuua watoto 9 kati ya 10, na ni Desemba 2023 tu ulipoingizwa katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa.

Mtoto yule alifariki. Baba alinisimulia habari yake nikiwa mtu mzima, tena kwa maneno machache. "Nilisimama na koleo mkononi, nikatafuta jino la kung'oa. Hapakuwa na jino la kung'oa, mama. Palikuwa na surua." Aliniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Chanjo ya surua ilipoanza Kasongo mwaka 1974, baba aliomba kufuatana na wachanjaji. Wenzake walimcheka: mtu wa meno ana kazi gani na sanduku la barafu? Aliwajibu kwamba yeye analinda vinywa, na kinywa cha mtoto kinaanza kulindwa hapo. Kutoka siku hizo alikuwa na kazi mbili. Asubuhi kadhaa za juma alikuwa kwenye chumba chake na koleo. Siku nyingine alikuwa barabarani, anachanja, anawaangalia watoto fizi, anawaeleza akina mama kwa nini mtoto aliyetoka surua anataka maharage, samaki na mafuta ya mawese kuliko anavyotaka mchele mtupu.

Matokeo ya chanjo ile yalichapishwa mwaka 1981 katika The Lancet, jarida kubwa la waganga wa Uingereza. Waandishi waliwalinganisha watoto waliochanjwa na wasiochanjwa, wa miezi 7 hadi 35. Waliochanjwa walikufa wachache, lakini timu yenyewe ilionya kwamba huenda baadhi ya waliookolewa na surua walikuwa wakichukuliwa na maradhi mengine baadaye. Wataalamu walibishana kwa miaka. Peter Aaby wa Denmark aliyarudia matokeo ya Kasongo pamoja na ya nchi nyingine, akasema faida ya chanjo ilikuwa kubwa hata kuliko ilivyodhaniwa. Nilipoyajua hayo nilishangaa, si kwa ubishi wao, bali kwa ugumu wa jambo lenyewe. Ikiwa wasomi wenye daftari na hesabu walihangaika hivyo kumhesabu mtoto ambaye hakufa, watu wa hitima wangewezaje kulihesabu jino ambalo halikuoza?

Nyumbani baba alikuwa mtu yule yule. Aliporudi kutoka kazini hakukaa uani na wazee mpaka sahani iletwe. Alikuja jikoni kwanza, akamuuliza mama alivyouza sokoni, kisha akatuita kwa zamu mlangoni penye mwanga. "Fungua." Tulifungua. Alituangalia meno kila Ijumaa baada ya swala, wakubwa kwa wadogo, na wajukuu walipokuja nao wakaingia kwenye zamu. Mswaki wetu ulikuwa kijiti kilichotafunwa ncha mpaka kikawa nyuzi. Makaa ya kusagwa, ambayo majirani waliyasifu kwa kung'arisha, aliyakataza, akisema yanakwangua jino na lililokwanguliwa halioti tena.

Alikuwa na daftari la nyumba, ameliiga kutoka karatasi za familia za Proje. Kila mtoto alikuwa na kurasa zake: tarehe ya jino la kwanza, chanjo, uzito, surua aliyopata au hakupata, jino la utotoni lililodondoka na la ukubwani lililofuata. Humo humo aliandika karo, viatu, na ugomvi aliousuluhisha kati yangu na kaka yangu. Mama hakujua kusoma Kifaransa cha opitale, kwa hiyo daftari liliandikwa kwa Kiswahili, na baba alimsomea. Mama naye ndiye aliyechemsha vyombo vyake katika sufuria ya mvuke juu ya makaa pale opitale ilipokosa umeme. Alimkemea akisahau kula, na wagonjwa wa usiku wasiokuwa na haraka aliwarudisha kwa upole ambao sisi hatukuwa nao. Nilipokuwa msichana niliwachukia wale watu wa usiku. Walikuja na mashavu yao katikati ya chakula, na baba aliinuka.

Vita vya 1998 vilipofika kwetu tulikimbia kuelekea mashariki, upande ule ule ambao zamani misafara ya Tippu Tip ilipita kati ya Kasongo na Ujiji. Tulipita Kabambare, milima ya Fizi, kisha Ziwa Tanganyika. Mama alificha koleo na vijiko vya meno ndani ya gunia la mchele. Kwenye vizuizi vijana wenye bunduki walichota mchele juu juu, hawakufika chini. Tuliingia kambini Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, tukiwa na vyombo kamili vya meno na bila sufuria ya ugali.

Huko Tanzania ndiko ufundi wa baba ulikopata nusu yake ya pili. Wenzetu wana matabibu wa meno waliosomeshwa kwa ajili ya wilaya, na mmoja wao alimwonyesha namna ya kuziba jino bila umeme. Njia hiyo ilianza kujaribiwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na Jo Frencken, Mholanzi, pamoja na wenzake. Shirika la Afya Duniani likaitangaza mwaka 1994, mwaka ambao Siku ya Afya Duniani ilihusu kinywa. Unachukua kijiko kidogo cha chuma, unakwangua sehemu iliyooza na kulainika peke yake, na ile ngumu unaiacha. Unakausha kwa pamba. Unachanganya unga na maji yake mpaka iwe saruji laini, unaijaza tunduni, unaibonyeza kwa kidole chenye vaselini, unamwambia mgonjwa aume meno, na baada ya kusubiri kidogo kazi imekwisha. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Saruji hiyo inatoa floridi kidogo kidogo, inaendelea kulilinda jino hata ukiwa umeshaondoka.

Baba alikuwa na miaka hamsini, amekwisha kung'oa zaidi ya alivyoweza kukumbuka, akaanza upya kama mwanafunzi. Mama alimwambia, "Sasa utawaambia watu wa Kasongo nini? Wamezoea unawatoa mdudu." Alicheka: "Nitawaambia nimemfungia ndani afe njaa." Na ndivyo alivyowaambia baadaye. Hakupoteza muda kubishana na mtu kuhusu mdudu. Alimweleza kwa mdudu wake huyo huyo kwamba anakula sukari, na kwamba akinyimwa sukari na kufungiwa mlango hana maisha.

Tulirudi mwaka 2006, kwa boti hadi Baraka, kisha kwa malori. Kasongo ilikuwa imechakaa, opitale imeporwa, barabara ya Kabambare imegeuka vichochoro vya pikipiki. Baba alifungua chumba chake tena, na mimi, niliyekuwa nimesomea uuguzi, nikawa msaidizi wake.

Alinifundisha maswali kabla ya kunipa koleo. Jino linauma lenyewe usiku ukiwa umelala, au linauma unapokunywa chai yenye sukari na maji baridi tu, kisha linanyamaza? Likiuma kwa baridi na kunyamaza, bado lina uhai, lizibe. Likiuma lenyewe na kupigapiga usiku, mshipa wa ndani unakufa, na kwetu ambapo hakuna wa kusafisha mizizi, ling'oe kabla usaha haujashuka shingoni. Jino la utotoni la mtoto wa miaka kumi liache lidondoke lenyewe kama halina usaha. La mtoto wa miaka minne lipiganie, kwa sababu ndilo linaloshika nafasi ya lile lijalo.

Niliyajua maswali yote hayo, na nilipenda kung'oa. Nasema wazi kilichonivuta. Kuziba jino kunachukua muda, saruji inaisha na kufika kwake kunategemea ndege ya Kindu au mtu anayetoka Bukavu, na mgonjwa anaondoka bila kuona kitu. Kung'oa kunalipwa papo hapo. Jino linaanguka kwenye sahani, watu wanaliona, mgonjwa anakushika mikono miwili. Nilipokuwa nafuatana na baba hadi Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu ya Kabambare, vijana wa mashimoni walikuwa na pesa mfukoni, na vibanda vyao vilijaa biskuti, pipi na soda. Meno yalioza wakiwa bado na miaka ishirini. Walitaka yatoke leo warudi shimoni leo. Mimi niliyatoa. Baba alikaa upande wa pili wa turubai, anamziba kijana mmoja kwa muda ambao mimi nilimaliza watatu, na jioni alikuwa anazungumza na wake zao kuhusu chai ya watoto.

Pale pale Salamabila alinionyesha mtu anayechoma dhahabu iliyoshikana na zebaki kwenye kikaango, moshi ukimpiga usoni. Akasema zebaki hiyo hiyo iko katika vizibo vyeusi ambavyo waganga wa zamani waliwawekea watu mdomoni, na yeye hatavitumia maadamu saruji ipo. Baadaye nilijua kwamba mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unagusa yote mawili, machimbo madogo ya dhahabu na kazi ya meno.

Basi alipofariki nilibaki na chumba, koleo na jina. Nilikuwa hodari. Kwa muda nilikuwa naendesha chumba kwa kung'oa karibu kila anayeketi, na watu walisema mkono wa mzee haukufa.

Mwaka uliofuata surua ilirudi. Tangu mwanzo wa 2019 Kongo nzima iliripoti wagonjwa zaidi ya 300,000 walioshukiwa, na vifo zaidi ya 6,000, mlipuko mkubwa kuliko wowote duniani wakati huo. Dunia ilikuwa inaangalia Ebola ya Kivu na Ituri. Kwetu sababu zilijulikana: barabara, vita, friji za chanjo zisizo na mafuta, watoto waliozaliwa msituni familia zikikimbia.

Mama mmoja aliingia chumbani mwangu na msichana wake wa miaka mitatu mgongoni, wametoka upande wa Wamaza. "Mama Munganga, meno yake yamelegea, yang'oe, yanamnukisha mdomo." Nilivaa glavu, nikaomba taa. Ufizi wa chini ulikuwa umevimba, una rangi ya kijivu pembeni, unatoka damu nikigusa kwa pamba. Shavu lilikuwa gumu kidogo kwa nje. Ngozi ilikuwa bado nzima. Nilimuuliza mama kama mtoto alikuwa na surua. Akasema vipele viliisha mwezi uliopita.

Nililiweka koleo chini. Yote ambayo baba alikuwa amenieleza kuhusu yule mtoto wa zamani yalikuwa mbele yangu, ila huyu alikuwa amefika mapema. Tulianza amoksisilini na metronidazole siku ile ile, kusafisha mdomo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, uji wa soya na maziwa kijiko kwa kijiko, na vitamini A. Niliwapeleka opitale mwenyewe. Alipona. Alipoteza meno mawili ya utotoni na kipande cha ufizi, na uso wake ni uso wake. Mama yake alinishukuru kwa adabu, lakini nilimwona amepungukiwa na kitu. Alitembea siku nzima kuja kung'olewa jino la mtoto, akapewa dawa na maneno.

Hapo ndipo nilipoelewa ni kazi gani baba aliichagua, na kwa bei gani. Alikuwa na ustadi ambao ungempa sifa kila siku, akaupunguzia saa ili afanye kazi isiyokuwa na mashahidi. Aliifanya miaka arobaini bila mtu kumwambia ahsante kwa ajili yake, kwa sababu aliyefaidika hakujua kwamba kuna kitu kilichomkosa.

Nilifungua daftari la nyumba. Sisi watoto wake, na wajukuu waliokulia uani petu, tulikuwa na kurasa nyingi za meno yaliyoota na kudondoka kwa wakati wake. Ukurasa wa jino la ukubwani lililooza haupo kwa mtoto hata mmoja. Daftari hilo ni utafiti mdogo mno kwa jarida la Uingereza. Kwangu lilitosha.

Tangu hapo nimepanga juma langu kama yeye. Siku za chumba zipo, na koleo langu halijapata kutu, kwa maana wapo wanaohitaji kung'olewa na kumkatalia mtu huyo ni ukatili. Siku nyingine nafuatana na wachanjaji na wahamasishaji wa vijiji, hadi upande wa Kabambare usalama unaporuhusu. Imamu mmoja hunipa nafasi ya kuzungumza na akina mama kabla ya Ramadhani: kijiti cha mswaki kitumike pia usiku baada ya daku na futari, si mchana kwa ajili ya harufu tu, na mwenye jino bovu aje Shaabani asingoje afunge na maumivu. Mashuleni nafundisha kwamba mwenye dawa ya meno yenye floridi aiteme bila kusukutua kwa maji mengi, ibaki kidogo ikifanya kazi. Kwa akina mama nasema jambo moja zaidi ya yote: mtoto aliyetoka surua, mfunue mdomo kila asubuhi. Ukiona ufizi unatoka damu na mdomo unanuka, mpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Usingoje shavu livimbe, na usikubali mtu yeyote, hata mimi, aanze kwa koleo.

Pesa ninazopata ni kidogo kuliko mwaka ule nilipong'oa kila aliyeketi. Wapo wanaosema binti amelegea mkono, na sijibizani nao. Vijana wauguzi wanaokuja kujifunza kwangu nawapa daftari kabla ya koleo, na nawaagiza waandike kila jino lililozibwa, kila mtoto aliyechanjwa, kila ufizi uliokaguliwa ukaonekana mzima, pamoja na jina la kijiji na tarehe. Wananiuliza kwa nini waandike kitu ambacho hakikutokea. Nawaambia kwamba hicho ndicho tunacholipwa kukifanya, na kwamba tusipokiandika sisi hakuna mgonjwa atakayekuja kutukumbusha.